Mama Vipande na Ganda la Matabaka Tisa

Ukifika pale kiwandani ukamuulizia kwa jina lililo kwenye cheti chake cha kuzaliwa, mlinzi wa getini atakuna kichwa, atamuuliza mwenzake, na mwenzake naye atakutazama kama mtu aliyepotea njia. Ulizia Mama Vipande. Hapo mlinzi atacheka, atakuonyesha ngazi za chuma zinazopanda juu ya karakana na kukuambia ufuate harufu ya chai, kwa maana mama huyo hafanyi hesabu bila kikombe mkononi. Hana mtoto aitwaye Vipande, wala hauzi chochote kwa vipande. Jina hilo alipewa na mafundi kwa sababu ya kazi yake: kila umbo analoletewa hulikatakata kwenye kompyuta likawa vipande vidogo vidogo, maelfu kwa maelfu, halafu hukiuliza kila kipande kinajisikiaje.

Na sitii chumvi, ndivyo anavyofanya hasa. Kiwanda chao hutengeneza vitu vyembamba na vigumu kwa kutandaza vitambaa vya nyuzi za kioo, kimoja juu ya kingine, na kuvilowesha rezini, ile gundi nzito ambayo harufu yake hukufuata mpaka nyumbani. Ikikauka, vitambaa vyote huwa ganda moja. Hutengeneza vifuniko vya matangi, mabodi ya pikipiki, mapaa ya vibanda, na siku hizi vifaa vichache vya hospitali. Mtu wa kawaida akitaka kujua kama ganda litahimili, hulikanyaga. Mama Vipande hulichora, hulikata vipande, hukiambia kila kipande kina matabaka mangapi na nyuzi za kila tabaka zimelala upande gani, kisha huanza kulikunja pale pale kwenye kioo cha kompyuta, kidogo kidogo.

Hapo kwenye kidogo kidogo ndipo penye kazi. Meza ukiikalia hunepa kwa unene wa unywele, na hesabu yake unaimaliza kwenye karatasi moja. Ganda jembamba likikunjwa hubadilika umbo, na likishabadilika si lile ulilolihesabia mwanzo. Inabidi usimame, ulitazame upya, uanze hesabu kutoka hapo lilipofika, ulisukume kidogo tena, usimame tena. Mkunjo mmoja wa kawaida unaweza kula hatua mia tatu za namna hiyo. Wapo watu wa fani hiyo wanaoona uvivu, wakachukua hesabu ya meza wakalipigia ganda. Mama Vipande akisikia habari zao hukunja uso kama aliyetiliwa chumvi kwenye chai.

Kujiamini hakumpigi chenga mama huyu, na nisingependa nimpake rangi ya unyenyekevu asiokuwa nao. Aliingia kiwandani akiwa na miaka kumi na tisa, kazi yake kukata vitambaa na kutandaza, na aliyemfundisha ni Fundi Mkuu, ambaye hadi leo yupo chini karakanani na hadi leo humwita mwanangu. Mchana alitandaza, jioni akaenda chuo, miaka saba mfululizo, akila njiani na kusoma akiwa amesimama. Alipopata cheti akapandishwa ngazi za chuma, akapewa chumba chenye dirisha linalotazama karakana, na tangu hapo, miaka kumi na mmoja sasa, hajaloweka mkono kwenye rezini. Lakini usimwambie kwamba haijui karakana. Ukimwambia hivyo atakujibu kwamba kuna wanaohesabu maganda bila kuwahi kunusa rezini, na yeye si mmoja wao. Mwisho wa mazungumzo.

Sasa, mama huyu ana dada yake mkubwa, naye ni mwalimu wa darasa la kwanza. Ndiye aliyemlea mdogo wake baada ya mama yao kufariki, ndiye aliyempigia pasi sare za shule, na ndiye aliyekuwa akimngojea mlangoni jioni zile za chuo. Kwa miaka ishirini na saba amefundisha watoto kusoma kwenye darasa lilelile la ghorofani, na hajawahi kukosa siku ya kwanza ya muhula. Mwaka uliopita gari lilimgonga gotini. Mfupa uliunga. Mshipa wa fahamu haukuunga, na mguu wa kushoto ukalala: kila akiinua goti, vidole hubaki nyuma vikiburuta chini. Hospitalini walimpa kifaa cha chuma na ngozi, kizito, kilichonyooka kama mlinzi wa benki. Kwenye sakafu alikwenda nacho vizuri. Kwenye ngazi hakikubali kukunjika, na darasa lake lina ngazi ishirini na nne.

Mama Vipande alipomwona dada yake akipanda ngazi zile kwa kushika reli kwa mikono miwili, alirudi ofisini, akafunga mlango, akaanza kuchora ganda.

Lilikuwa ganda la kumpendeza mtu anayejua anachokitazama. Lilishuka nyuma ya shavu la mguu, likawa jembamba kwenye kifundo, likapinda na kwenda chini ya unyayo. Unene wake ni milimita mbili na nusu tu, matabaka tisa. Ukikanyaga mbele linakunjika, ukiinua mguu linajirudisha na kuinua vidole. Ujanja wote ulikuwa kwenye mpangilio. Matabaka matatu ya upande wa nje aliyapa nyuzi ndefu zilizonyooka kutoka juu hadi chini, kwa sababu ganda likikunjika upande wa nje ndio unaovutwa, na nyuzi ndefu hupenda kuvutwa. Sita ya upande wa ndani, upande wa ngozi, aliyalaza mshazari, kwa sababu upande huo hubanwa, na nyuzi ndefu zikibanwa hujikunja na kuachana. Mabodi ya pikipiki na vifuniko vya matangi hayana mambo hayo. Mpangilio wake hufanana kotekote, ukihesabu kutoka juu au kutoka chini ni kitu kilekile. Hili lilikuwa la kwanza pale kiwandani lenye nje na ndani zisizofanana.

Kompyuta ilisema litakunjwa mara milioni moja bila kulalamika. Kwenye kona ya karakana kuna mashine ya kukunja, inayotumia mota ya kufutia kioo cha gari, ambayo hukunja mara moja kila sekunde na kujihesabia yenyewe. Walitengeneza kipande cha majaribio kwenye kalibu moja ya zamani ya shimo, umbo ambalo vitambaa hutandazwa ndani yake, wakakifunga hapo, na siku ya kumi na mbili kilipovuka milioni mashine ikazimwa na mafundi wakapiga makofi. Mkurugenzi wa kiwanda, kijana mwenye haraka ya kufanikiwa, akaanza kuzungumza na hospitali kuhusu maganda mia mbili. Dada akapimwa, mguu wake ukanakiliwa kwa plasta, akatengenezewa lake, la rangi ya bluu. Siku ya kwanza alipanda ngazi zote bila kushika reli. Alimpigia simu mdogo wake kutoka juu, wakacheka pamoja.

Siku ya kumi na tisa ganda lilivunjika. Dada alikuwa akishuka na madaftari ya watoto kifuani. Lilikatika kwenye kifundo, mguu ukapinda, akaanguka ngazi tatu na kugonga kidevu mbele ya darasa zima. Alishonwa nyuzi tano. Mwalimu mkuu wa shule alikuja kumjulia hali, akaleta na maneno yake: muhula unafungwa wiki hiyo, utafunguliwa baada ya wiki tatu, na kama bado hatakuwa na uwezo wa kupanda, kuna nafasi chini, kwenye ghala la vitabu. Alilisema kwa upole, na upole wake ndio uliouma zaidi.

Mama Vipande alikwenda kumwona dada yake jioni ileile, na alikwenda kama alivyo, kifua mbele, akiahidi kwamba atatafuta kosa lilipo na ganda la pili litakuwa tayari kabla ya shule kufunguliwa. Dada alimsikiliza mpaka mwisho. Bandeji ilimfanya azungumze polepole.

"Mdogo wangu," alisema, "namba zako ni nzuri, sijawahi kuzibishia. Lakini mguu ni wangu. Mimi ganda sivai tena."

Kile kifaa cha chuma kilikuwa kimesharudishwa mguuni.

Basi mama wa watu akarudi kazini na hasira, na hasira haikumpeleka kuzuri. Alipitia hesabu yake yote tangu mwanzo, siku mbili, kipande kwa kipande, na hakuona kosa. Kipande cha mashine kilikuwa kimepita milioni. Kama hesabu ni nzima na mashine imekubali, basi lililobaki ni mikono ya watu. Chini waliharakisha, alijiambia. Walibana rezini, au vumbi liliingia. Mkurugenzi alipomuuliza alisema wazi: hesabu haina kosa, kosa liko karakanani. Maneno hayo yalimfikia Fundi Mkuu kabla ya chai ya saa nne. Mzee hakupanda ngazi kuja kugombana. Alituma jibu moja tu, kwamba mwambieni mwanangu mchoro wake niliufuata nukta kwa nukta, na kuanzia hapo akawa anapita chini ya dirisha lake bila kuinua macho. Mkurugenzi naye, kwa haraka zake, akamwandalia mzee barua ya onyo. Ilikuwa mezani kwake, ikingoja sahihi tu.

Lakini mtu aliyelelewa na mwalimu hajui kuacha swali katikati. Mama Vipande alilichukua ganda lililovunjika, akakata kipande cha vidole viwili karibu na ufa, akakilaza juu ya kigae, upande wa nje ukitazama juu, na kukiingiza kwenye tanuri la karakana. Rezini huungua, kioo hakiungui. Baada ya saa tatu kilichobaki kwenye kigae kilikuwa vitambaa vitupu, vyeupe, vimelaliana kama shuka kabatini. Alivua miwani, akavaa nyingine, akachukua kibano na kuanza kuvifunua kimoja kimoja. Shabaha yake ilikuwa kuhesabu kama vimetimia tisa, kwa maana alikuwa na hakika mtu ameruka kimoja.

Cha kwanza kutoka nje kilikuwa na nyuzi za mshazari. Alikitazama. Cha pili mshazari. Cha tatu mshazari. Alisimama akanywa chai, ingawa ilikuwa imeshapoa, akaendelea. Vilikuwa tisa, havikupungua. Nyuzi ndefu zilikuwa mwisho kabisa, kwenye upande wa ngozi. Ganda zima lilikuwa limejengwa ndani nje.

Nitamsifu kwa jambo moja: hakukimbilia ofisi ya mkurugenzi na kusema mnaona. Alishuka karakanani na kumwomba Fundi Mkuu, kwa heshima zote, amtengenezee ganda lingine mbele ya macho yake, yeye akiwa kimya. Mzee akavaa glavu, akachukua ule mguu wa plasta wa dada mtu, akaupaka nta na kubandika mchoro ukutani kwa gundi. Kwenye mchoro matabaka yalikuwa yameandikwa moja hadi tisa, kwa mwandiko wa Mama Vipande mwenyewe. Mzee akachukua kitambaa namba moja, cha nyuzi ndefu, akakilowesha, akakilaza juu ya plasta. Yaani upande wa ngozi.

Alikuwa akikilaza vizuri mno. Alikisugua kwa roli mpaka hapakuwa na hata povu moja, vumbi halikuwepo, haraka haikuwepo. Na Mama Vipande, aliyesimama hapo mikono nyuma, aliona palepale kosa lilipo.

Kwa sababu katika siku zake pale chini walikuwa hawatandazi juu ya kitu. Walitandaza ndani ya kalibu ya shimo, kama mtu anayepaka mafuta ndani ya bakuli, na kitambaa cha kwanza kuwekwa ndicho kinachogusa ukuta wa kalibu, ndicho kinachokuja kuwa nje. Miaka yote ile namba moja ilikuwa nje. Hakuna aliyewahi kuliandika, kama ambavyo mtu haandiki kwamba mlango unaingiliwa kwa mbele. Kipande cha majaribio kilitandazwa kwenye kalibu ya shimo, na ndiyo maana kilikuwa sawa.

"Fundi," aliuliza, "tangu lini mnatandaza juu ya plasta?"

"Tangu mwaka juzi, kazi za hospitali zilipoanza." Mzee hakuacha kusugua. "Kila mguu una umbo lake, mwanangu. Utanichongea shimo kwa kila mguu wa mtu?"

"Na hukuniuliza namba moja inaanzia wapi."

Hapo Fundi Mkuu aliweka roli chini.

"Mchoro umesema moja, nimeanza na moja. Wewe nimekufundisha mimi. Ningekuulizaje kama unajua kutandaza?"

Hakulisema kwa ubaya, na lilimwingia kuliko kama angelisema kwa ubaya. Mzee alimwamini kwa sababu alimfundisha. Yeye alijiamini kwa sababu alifundishwa. Miaka kumi na mmoja alikaa juu ya karakana ile akitazama chini kupitia dirishani, akiona vichwa vya watu na migongo yao, na hakuona kwamba kazi imegeuka. Mhesabuji mgeni, asiyewahi kunusa rezini, angeuliza swali hilo siku ya kwanza kwa sababu ya ugeni wake. Yeye hakuuliza kwa sababu alikuwa anajua.

Aliona aibu, na aliiona vizuri. Lakini si mtu wa kukaa na aibu mezani na kuikaribisha chai. Kabla ya saa sita alikuwa kwa mkurugenzi, akamwambia barua ile aichane, kosa ni lake: aliandika matabaka bila kuandika yanaanzia upande gani. Mkurugenzi alisema labda tugawane lawama. Mama Vipande akasema lawama si andazi. Mkurugenzi akauliza, sasa yale mia mbili ya hospitali nayo? Maana kama mhesabuji amekosea mara moja, nani atasema hakukosea mara mbili? Swali lilikuwa la haki, na mama wa watu alikuwa ameshalifikiria akipanda ngazi.

Alirudi kwenye kompyuta na kufanya jambo ambalo ni wachache hulifanya kwa moyo mweupe: akalihesabu kosa lake. Aligeuza matabaka yote, ndani yakawa nje, akalikunja lile ganda baya hatua mia tatu, na kutazama nyuzi ndefu zikibanwa, zikitengana na jirani zake kwenye kifundo, palepale lilipokatikia. Kompyuta ikasema litakwisha baada ya mikunjo kati ya elfu ishirini na nane na elfu thelathini na tatu. Simu ya dada yake huhesabu hatua za mguu. Aliomba picha ya ukurasa huo kwa ujumbe mfupi, bila kueleza sababu, akajumlisha siku kumi na tisa na kugawa kwa mbili. Hatua za mguu wa kushoto zilikuwa elfu thelathini na mia nne.

Ganda ambalo Fundi Mkuu alikuwa amelianza, Mama Vipande alimwomba alimalize hivyohivyo, ndani nje. Likakauka, likafungwa kwenye mashine ya kukunja saa mbili kamili asubuhi, na juu yake akabandika karatasi yenye maandishi makubwa: LITAVUNJIKA KATI YA SAA TISA NA DAKIKA HAMSINI NA SAA KUMI NA MOJA NA DAKIKA KUMI, KWENYE KIFUNDO, KUANZIA NDANI. Mafundi walicheka sana. Mmoja alisema hajawahi kuona mtu akiliwekea ganda miadi. Saa nane bado walikuwa wakicheka. Saa tisa ganda lilianza kulia, mlio mdogo mkavu wa kuni mbichi zikishika moto, na kicheko kikapungua. Saa kumi kasoro robo mkurugenzi mwenyewe alishuka na kusimama nyuma ya watu, kama mtu aliyepita tu. Lilikatika saa kumi na dakika ishirini na mbili, kwenye kifundo, na lilipofunguliwa ufa ulikuwa umeanzia ndani.

Hakuna aliyepiga makofi. Fundi Mkuu alisogea, akapima ufa kwa kucha, akasema, basi sasa tutengeneze lenyewe. Na Mama Vipande akakunja mikono ya blauzi. Walilitandaza pamoja, yeye na mwalimu wake, yeye akilaza na mzee akisugua, mshazari kwanza juu ya plasta, upande wa ngozi, nyuzi ndefu mwisho. Mikono ilikuwa imesahau baadhi ya mambo na mzee alimkumbusha bila kumcheka, isipokuwa mara moja. Kwenye mchoro mpya, juu kabisa, mama aliandika kwa wino mwekundu: Tabaka namba moja ndilo linalogusa ngozi. Kisha lile jipya nalo likakaa kwenye mashine siku kumi na mbili usiku na mchana, likavuka milioni, na halikulia.

Zilibaki siku mbili shule ifunguliwe. Hesabu ilikuwa imekubali, mashine imekubali, mkurugenzi amekubali. Aliyebaki ni yule ambaye mguu ni wake.

Mama Vipande alimkuta dada yake barazani akibandika majina ya watoto kwenye madaftari mapya, madaftari ya darasa ambalo hakujua kama atalifundisha. Kovu la kidevu lilikuwa limeanza kufifia. Aliketi, akaweka ganda jipya mezani, halafu akasema lile ambalo alikuwa amelibeba kifuani wiki mbili nzima, na safari hii hakwenda kifua mbele.

"Dada, kosa halikuwa la mafundi. Nilikosea mimi. Niliandika matabaka bila kusema yaanzie upande gani, yakawekwa kinyume. Mimi ndiye niliyekuangusha mbele ya wanafunzi wako."

Dada alimaliza kubandika jina alilokuwa nalo mkononi. Aliuliza kama Fundi Mkuu bado ana kazi yake. Anayo. Aliuliza kama mdogo wake amemwomba radhi. Amemwomba. Mama Vipande alianza kueleza habari za mashine, saa kumi na dakika ishirini na mbili, milioni moja, na dada akainua kiganja kama anavyowainulia watoto wa darasa la kwanza.

"Nami nina langu," alisema. "Lile la kwanza lilianza kulia siku tatu kabla. Kila ngazi, lililia. Nilijua si salama. Nikasema nikikwambia utavunjika moyo, ulivyolihangaikia. Nikanyamaza, nikaendelea kulivaa."

Mtu anayejua kuuliza vipande elfu tisa vya ganda vinajisikiaje alikuwa hajamuuliza dada yake hata mara moja kwa siku kumi na tisa. Machozi yalimtoka Mama Vipande, na hakuyafuta kwa sababu mbele ya huyu hakuwa na haja.

Dada alisogeza madaftari pembeni. Akafungua mikanda ya kile chuma, akakiweka chini, akavuta gauni juu ya goti na kunyoosha mguu.

Walikwenda shuleni hapohapo, kabla moyo haujabadilika. Mlinzi aliwafungulia geti, uwanja ulikuwa mtupu, na milango yote ya madarasa imefungwa. Chini ya ngazi dada alipanga miguu yake, akashusha pumzi. Mama Vipande akajiweka nyuma yake, mikono imefunguka kidogo, tayari kudaka.

Dada aligeuka.

"Unafanya nini hapo nyuma?"

"Nipo tu, dada."

"Hapo umesimama kama mtu anayengoja nianguke. Umelihesabu, hukulihesabu?"

"Nimelihesabu."

"Basi pita mbele. Na usigeuke."

Akapita mbele. Nimewahi kumsikia akisema kwamba katika maisha yake yote ya kazi hajawahi kufanya jaribio gumu kuliko hilo. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mgongo wake ukiwa wazi na mikono haina pa kukaa. Masikio yote yalikuwa nyuma. Alisikiliza mlio mkavu, hakuusikia. Alisikiliza vidole vikiburuta, havikuburuta. Alisikia kisigino, kisha unyayo, kisha kisigino, sawasawa, kwa mwendo wa mtu anayekwenda kazini. Kwenye ngazi ya kumi na sita, ile aliyoangukia, hatua zilisimama. Mama Vipande naye akasimama, akitazama ukuta, na hakugeuka. Kisha zikaendelea.

Alipofika juu alibaki palepale, uso kwenye rangi ya ukuta. Dada akafika, akampita bila kumgusa, akatoa ufunguo kwenye mkoba, akafungua darasa na kuanza kufuta ubao.